UZI: Kuongoza kikao cha kikundi mpaka watu waseme wenyewe (vyama, kamati, vijana, wazazi)

#1 KalamuYaMvita (mwenye uzi)

Salaam wanajukwaa. Kila wiki hapa Mombasa kuna mtu anakabidhiwa kikao: chama cha akina mama Kisauni, kamati ya maji Jomvu, vijana wa Likoni, wazazi wa shule Changamwe. Anapewa karatasi za chati, maka mbili na saa tatu, anaambiwa "waongoze". Anahutubia saa tatu nzima, watu wanampigia makofi, na mwezi ukiisha hakuna lililofanyika. Tuweke hapa yale yanayofanya kikao kizae, kwa vipimo, kila mtu aongeze analolijua.

Naanza na swali, kwa kuwa hapo ndipo vikao vingi huharibikia. Mwezeshaji huja na kurasa kumi za maelezo na hakuandaa hata swali moja. Kwa kikao cha saa tatu andika maswali makuu manne tu, neno kwa neno, kwa Kiswahili kile kile utakachotamka. Kisha msomee mtu asiye wa kikundi. Akikuuliza "una maana gani?", swali bado bichi.

Chukua chama chenye mikopo isiyorudi. Ukiuliza "Kwa nini watu hawalipi?", wenye deni watainamisha vichwa na wasio na deni watageuka mahakimu. Pita njia hii:

Kwanza linaloonekana: "Tukitazama daftari, ni miezi gani marejesho hupungua?" Watalifunua daftari, watataja Januari ya karo na sare, watataja mwezi wa Idd. Hakuna aliyelaumiwa na kila mtu ana la kusema.

Pili linalogusa: "Mwezi kama huo, mwenye mkopo hulala na fikra gani?"

Tatu maana yake: "Basi hili latuambia nini kuhusu tarehe tulizojipangia?"

Nne uamuzi: "Tubadilishe nini kabla ya mkutano ujao, na nani atalifanya?"

Gawa dakika 20, 15, 25 na 40. Ukirukia la nne utapata maazimio ya haraka yasiyo na mwenyewe. Ukikawia kwenye la pili kikao kitageuka matanga. La tatu ndilo huachwa sana, kwa sababu mwezeshaji tayari anajua jibu na anaona uvivu kusubiri watu walifikie.

Na "mumeelewa?" lifuteni kabisa. Hakuna mtu wa pwani atakayemwaibisha mgeni mbele za watu kwa kusema hapana. Uliza: "Ukifika nyumbani ukiulizwa tumekubaliana nini, utajibu vipi?"

Jambo la mwisho kwa leo ni kimya. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza masomo ya sayansi madarasani, alikuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Kwa watu wazima mimi napendekeza 8. Hesabu kimoyomoyo huku ukiwatazama watu, usiangalie karatasi. Kosa kubwa ni kulirudia swali kwa maneno mengine kabla hawajajibu. Walikuwa wamefika nusu ya fikra, sasa wana maswali mawili na hawajui washike lipi.

#2 BintiMajengo

Ahsante kwa uzi. Naongeza hesabu ya muda, maana wengi hupanga ratiba bila kupiga hesabu.

Watu 24, kila mmoja aseme dakika 2 mbele ya wote, hizo ni dakika 48, na katika hizo kila mtu amesikiliza 46. Wagawe wanne wanne, dakika 2 zile zile zinakuwa 8. Wawili wawili, dakika 4. Kwa hivyo sauti ya kila mtu isikike kwanza katika vikundi vidogo, na mbele ya wote yaje yale machache yanayohitaji masikio yote.

Muda hupotea kwenye kuripoti. Vikundi 6 vikipewa dakika 5 kila kimoja, nusu saa imekwenda na kuanzia cha tatu ni "wenzangu wameshayasema". Badala yake kila kikundi kitoe hoja moja tu ambayo haijatajwa, dakika 1, mzunguko wa kwanza, kisha wa pili. Dakika 12 umemaliza, na wa mwisho bado ana jipya.

Kugawa: wahesabu moja hadi sita ukitaka kuwatenganisha marafiki. Ila kwa jambo nyeti, deni au mambo ya ndoa, waache wachaguane.

#3 Mwalimu_Tudor

@KalamuYaMvita, kwenye kimya sikubaliani nawe kikamilifu. Kikao chenye wazee na vijana pamoja, kimya si watu wanafikiri. Vijana wanamngoja mkubwa aanze, na mkubwa akishaanza, wanaofuata wataunga mkono tu. Ukihesabu hata 30 hutapata kitu. Sawa na hapo ambapo mke na mume, au mkwe na mkwewe, wamekaa chumba kimoja.

Hapo kinachofaa ni kufikiri peke yako kwanza. Iko njia ambayo watafiti Delbecq na Van de Ven waliieleza mwaka 1971 na bado inafanya kazi vizuri: swali linawekwa ukutani, kila mtu anaandika majibu yake kimya kwa dakika 5 hadi 10. Kisha mnazunguka, kila mtu anatoa moja tu, linaandikwa kwenye chati bila mjadala, mpaka yaishe. Baadaye ndipo mnaulizana maana, na mwisho kila mtu anachagua yaliyo na uzito kwake. Mzee na kijana wametoa moja moja, na hakuna aliyemvunjia mwenziwe heshima.

Wasioandika wachore, au wakae wawili na mwandishi. Usiseme mbele za watu "wasiojua kusoma waje huku". Sema "anayependa kuandika na mwenziwe akae naye", watajipanga wenyewe.

Na mkiwa na wanawake na wanaume, wagawe kila upande kundi lake, kisha hoja za akina mama zisomwe na mwezeshaji kutoka kwenye karatasi. Asitajwe aliyesema.

#4 KalamuYaMvita

Mwalimu umesema kweli, nimekosa kulitenganisha hilo. Sekunde 8 ni kwa kundi la rika moja au lililokwisha zoeana. Kwenye mchanganyiko, wawili wawili kwanza.

#5 FundiKaratasi

Vifaa, kwa hewa ya huku kwetu.

Karatasi za manila zikatwe vipande, urefu wa kiganja na nusu, upana wa vidole vinne. Kadi moja, fikra moja, mistari isiyozidi mitatu. Mtu akiandika mbili kwenye kadi moja, mwombe kwa upole azitenganishe, la sivyo mtakapopanga mafungu kadi hiyo itakuwa haina kwao.

Herufi ziwe na kimo cha sentimita 3 au 4 ili aliye nyuma ya ukumbi asome. Tumia nyeusi au buluu kwa maandishi. Nyekundu haionekani kwa mbali, iacheni kwa kupigia mstari. Maka za ubao mweupe hufifia kwenye karatasi, nunua zile za wino wa kudumu.

Tepu haishiki kuta za chokaa. Kwa huu unyevu wa baharini, kufikia saa tano karatasi zote ziko sakafuni na watu wanazikanyaga. Funga kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha, bana karatasi kwa vibanio vya nguo. Kwa kadi, tandaza leso (kanga) mbili ukutani, zifungwe ncha za juu, kadi zishikwe kwa pini. Zahamishika kwa urahisi na mwisho wa kikao unaikunja leso na kadi zake ndani kama zilivyo. Tena pangaboi likiwa kasi haziruki.

Viti vipangwe kama kwato ya farasi, bila meza mbele. Acha nafasi mbili za kupitia. Wale wanaokaa ubavuni pako ndio huwaoni, na ndio hunyamaza, kwa hivyo kila baada ya nusu saa badili mahali unaposimama.

#6 Mgeni_Bamburi

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa jambo hili. Mzee akishika maneno dakika kumi na tano, hafiki mwisho, na wote wanamheshimu, nafanyaje? Kumkatiza siwezi.

#7 BiKibokoni

Marahaba mwanangu. Hilo linaanza kutatuliwa siku moja kabla, mchezo huo hauanzi ukumbini. Mtembelee, au mpigie simu, mueleze kikao kinahusu nini na mpe kazi yenye jina: afungue kwa dua na neno la dakika 5. Mwambie hizo dakika 5 pale pale, kwa adabu, "mzee tuna saa tatu tu na wengine wanatoka ng'ambo ya feri". Aliyekwisha heshimiwa mwanzo hatafuti heshima kila baada ya nusu saa.

Akirefusha katikati ya kikao, usisimame mbali ukitazama saa. Msogelee, simama ubavuni pake, uwe unaandika. Akivuta pumzi, ingia hapo hapo: "Mzee, nimeandika kwamba kisima kilichimbwa bila kuulizwa wenye shamba. Nimeandika sawa?" Msomee alivyosema. Mara nyingi atasema "sawa kabisa" na kukaa, kwa maana anachorudia rudia ni lile alilodhani halijasikika. Kisha wageukie wengine: "Nani ana jambo ambalo bado halijaandikwa hapa?" Neno "bado" usiliache, ndilo linalofunga lango la kurudia.

Ndio maana yule anayeandika kwenye chati ana kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mama anasema "maji yatutesa, tunaamka saa tisa usiku kupanga mitungi". Mwandishi anaandika "changamoto za upatikanaji wa maji". Hapo amemnyang'anya maneno yake. Mama anatazama ukutani, hajioni, na hatasema tena. Andika "tunaamka saa tisa usiku kupanga mitungi". Ikiwa sentensi ni ndefu, muulize yeye mwenyewe: "Niandike vipi kwa ufupi?" Atakupa maneno matano mazuri kuliko yako.

Tena kuna wale wanaotumia kupokezana kijiti, mwenye kijiti ndiye msemaji, au kila mtu apewe vifuniko vitatu vya soda na atoe kimoja kila anaposema. Kwa vijana hufaa sana. Kwa wazee huonekana mchezo wa watoto, utawapoteza.

#8 NahodhaWaLikoni

Saa na matumbo, ndugu zangu, haya ndiyo yanaua vikao vizuri.

Adhuhuri hapa huingia kati ya saa sita na dakika chache na saa sita na nusu na kidogo, kulingana na mwezi. Basi anza saa tatu asubuhi, funga saa sita. Ukivuka hapo watu watatoka mmoja mmoja, na wanaobaki ndio watakaoamua kwa niaba ya wote. Ijumaa usipange chochote kinachopita saa tano. Ramadhani fanya kifupi asubuhi, au baada ya taraweh, na maamuzi mazito ahirisha. Januari hadi Machi ukumbi wa mabati kuanzia saa tano ni tanuri, kazi ya kufikiri iwe mwanzo.

Wanaovuka feri wapewe nusu saa ya ziada kwenye mwaliko wao, lakini wewe usianze upya kila anayechelewa akiingia. Weka mtu mlangoni amweleze kwa dakika moja tulipofika, kisha amkalishe.

Chai: watu 24, kikombe cha robo lita, ni lita 6. Mahamri matatu kwa mtu ni 72, na mbaazi. Ukiweka themosi zote meza moja, foleni itakula dakika 30 badala ya 15. Weka meza mbili, pande mbili za ukumbi.

Nauli itajwe kiasi chake kwenye mwaliko. Ukinyamaza, watu watakuwa kikaoni mwili tu na roho iko kwenye bahasha.

#9 BintiMajengo

Naongeza mazoezi ya kufungulia kikao. Michezo ya kushikana mikono, kukumbatiana, kukimbizana, acheni kabisa palipo na mchanganyiko. Mama mwenye buibui na goti bovu hatakwambia hataki, atakaa tu na kuona haya. Jina, mtaa, na kitu kimoja unachojua kutengeneza kwa mikono yako, sekunde 20 kila mtu: watu 24 ni dakika 8, na mnapata kujua nani mshonaji na nani fundi bomba, jambo ambalo kikundi kitalitumia baadaye.

#10 MlinziWaSiri

Kuna mawili hayajaguswa.

La kwanza, mtu akifunua kikaoni kwamba anapigwa au amedhulumiwa. Usimchimbe kwa maswali, usimwombe aendelee, na usiwaachie wengine waanze kutoa ushauri. Mshukuru kwa kusema, taja kwamba mtazungumza faraghani, tangaza mapumziko ya dakika 10. Mwenzako akae naye. Uwe na namba mkononi kabla ya kikao: 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto, zote ni bure. Hospitali ya Coast General nayo ina kituo cha kuhudumia waliodhulumiwa. Kwa hivyo msiongoze peke yenu. Wawili ndio wanaofaa, mmoja anasema, mwingine anatazama nyuso na kushika saa.

La pili, karatasi ya mahudhurio. Ile inayozunguka na majina, namba za simu na za vitambulisho, kila mtu anasoma ya mwenziwe. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata pasingekuwa na sheria hiyo ni ukosefu wa adabu. Kila mmoja aandikishwe mezani, na chukua lile tu unalolihitaji. Picha ziombewe ruhusa mwanzoni, na wasiotaka wakae upande mmoja ambao kamera haielekei. Watoto, ruhusa ya mzazi.

#11 Mgeni_Bamburi

Nashukuru sana Bi. Sasa ustadi wenyewe mtu anaupataje? Nasoma lakini nikisimama nasahau yote.

#12 Mwalimu_Tudor

Kwa sababu unajaribu kukumbuka yote kwa pamoja. Shika moja kwa wiki mbili. Wiki ya 1 na 2 maswali tu. Ya 3 na 4 kimya na kumrudishia mtu maneno yake. Ya 5 na 6 kusawazisha sauti. Ya 7 na 8 kufunga.

Tafuta wenzako wawili, muwe watatu. Mmoja aongoze dakika 7 kwa mada halisi, mfano "tuhamishie mkutano siku gani". Wa pili ni mshiriki na, mkipata watu zaidi, nao wakae. Wa tatu hasemi, ameshika karatasi yenye safu tatu: maswali yaliyofunga (yale ya ndiyo au la), maswali yaliyofungua, na sekunde za kimya baada ya kila swali. Chini achore duara la viti na kila mtu akisema aweke kijistari kwenye kiti chake. Kisha dakika 5 za kurudishiana, halafu mnabadilishana. Dakika 36 wote watatu mmepita.

Kurudishiana ndiko kugumu. "Umefanya vizuri" haimfunzi mtu. Sema ulichoona na ulichosikia: "Dakika ya tatu aliyekaa dirishani alifungua mdomo, wewe ukageukia chati." "Maswali tisa, saba yalikuwa ya ndiyo au la." Jambo moja la kushika, moja la kubadili. Ukimpa sita hatabadili hata moja.

Kwenye kikao cha kweli, rekodi kwa simu mkiwa mmekubaliana na kikundi, usikilize dakika 5 tu za katikati, uandike kila neno. Kipimo changu: sehemu ya mjadala, maneno yako yakizidi theluthi moja, umegeuka mhubiri. Sikiliza pia kila uliposema "vizuri sana" baada ya jibu fulani na hukusema baada ya lingine. Watu husoma hapo jibu unalolitaka, na kuanzia hapo watakupa hilo hilo.

#13 FundiKaratasi

Kuna aliyeuliza inboksi namna ya kuchagua hoja zikiwa nyingi. Idadi ya kura kwa mtu iwe kama theluthi ya hoja: hoja 12, kura 4. Mbegu za mahindi zatosha. Ila ukizimwaga kwenye karatasi wazi, wa mwisho watafuata rundo kubwa. Weka vikombe 12 vyenye kifuniko cha karatasi kilichotobolewa, kila kimoja na mchoro wa hoja yake, vikae nyuma ya pazia au mlango, waende mmoja mmoja. Hesabuni mbele ya wote. Vikombe viwili vikilingana, msipige kura tena, jadilini hizo mbili tu dakika 10.

Hesabu ya kura si uamuzi bado. Uliza: "Iliyoongoza hii, kuna anayeona itamuumiza?" Afadhali ajitokeze hapo kuliko kuvunja makubaliano huko mtaani.

#14 KalamuYaMvita

Nimefurahi, uzi umejaa. Niongeze la kufunga, na pia la mambo yanayozuka nje ya ajenda.

Tangu mwanzo tundika karatasi moja pembeni, iandike VIPORO. (BiKibokoni atasema mwiku, ni kitu kile kile: chakula kilicholala.) Linalozuka lisilo la leo, liandike pale pamoja na jina la aliyelileta, usimwambie "hilo si mada yetu". Lakini kiporo kisichopashwa moto huoza: kabla ya kufunga kila kimoja kipewe siku au mtu. Usipofanya hivyo mara mbili mfululizo, watu watajua karatasi ile ni jalala, wataanza kupaza sauti.

Kufunga kuanze dakika 20 kabla, si dakika 3. Chati yenye safu tatu: nini, nani, lini. "Kamati italishughulikia" haikubaliki kwenye safu ya nani, kamati haina simu. Jina moja, na mwenye jina atamke mwenyewe: "Mimi nitakwenda ofisi ya maji Jumatano." Kama hayupo ukumbini, asiandikwe. Kitu kikihitaji pesa, kiasi kiandikwe na kinatoka wapi.

Piga picha ya chati hiyo, itume kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo kabla ya magharibi, na wasio na simu ya WhatsApp wasomewe kwa simu. Siku mbili kabla ya mkutano ujao wapigie waliotajwa mmoja mmoja, uwaulize jambo limefika wapi na limekwama kwa nani, ili asiyefanikiwa apate nafasi ya kusema kabla ya kuulizwa mbele za watu.